Jiwe la Gangilonga kwa familia: panda saa kumi, shuka kabla ya giza

Anayetafuta nyasi za kujigaragaza na mabembea ya watoto Iringa mjini atahangaika. Neema ya mji huu ni mawe. Yamekaa nyuma ya nyumba, katikati ya mitaa na juu ya vilima, mengine makubwa kuliko nyumba ya ghorofa. Jiwe la Gangilonga ndilo linalopandwa zaidi, na kwa familia yenye watoto wa miaka sita na kuendelea ndiyo matembezi bora ya mchana mmoja mjini hapa. Tunalipatia nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya ukingo, na sababu yake itaeleweka mbele.

Jiwe liko kata ya Gangilonga, kaskazini mashariki ya katikati ya mji. Mtu mzima akitembea kutoka Miyomboni ahesabu nusu saa. Akiwa na mtoto wa miaka mitano aweke dakika 45 hadi 50, maana njia inapanda mfululizo na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgeni aliyefika jana kutoka Dar es Salaam atahema, asione aibu. Familia ya watu wanne ni afadhali bajaji kuliko bodaboda mbili: patana bei kabla ya kupanda, mwambie dereva akushushe jiweni, kisha chukua namba yake na mkubaliane saa ya kukufuata. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Jioni ya Jumapili, watu wakishuka kwa mkupuo, bajaji tupu pale chini si za kugombania kwa raha, hasa mtoto akiwa amelala begani.

Kwa wenye miguu, kwenda kwa kutembea kunalipa. Mitaa ya Gangilonga ni mitulivu kuliko ya sokoni, ina miti mikubwa, na mwezi wa Oktoba mijakaranda hutandika maua ya zambarau barabarani hadi watoto wasahau kwamba wanapanda mlima. Mkikutana na wazee njiani, “kamwene” moja ya Kihehe hufungua njia kuliko kuuliza moja kwa moja jiwe liko wapi. Beba noti ndogo ndogo, kwa ajili ya kiingilio au mwongozaji, na kwa ajili ya karanga.

Kutoka chini ya jiwe hadi kileleni ni dakika kumi za mtu mzima, ishirini ukiwa na watoto. Hakuna kamba wala ufundi wowote, ila kuna sehemu za kutumia mikono na sehemu za kupita katikati ya mawe yaliyoegemeana. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: mtu mzima mmoja mbele, watoto katikati, mtu mzima wa pili nyuma ya mtoto mdogo kuliko wote, mikono yake miwili ikiwa mitupu. Wa nyuma ndiye muhimu kuliko wa mbele, kwa sababu mtoto akiteleza anarudi nyuma. Mtoto wa chini ya miaka mitatu abebwe mgongoni kwa mbeleko iliyokazwa vizuri. Kumbeba kifuani hakufai: humwoni mguu wako unapotua. Kumpakata mkononi ndiko kubaya zaidi, unakosa mkono wa kushikia jiwe.

Viatu vinastahili aya yake. Wengi hufika hapa moja kwa moja kutoka kanisani, baba na moka, mama na viatu vya kuchuchumia, binti na vile vyeusi vya kung'aa vyenye soli ya plastiki. Soli ngumu na laini haishiki jiwe. Kandambili hushika kidogo, lakini hugeuka mguuni wakati wa kushuka na mkanda hukatika. Raba za kawaida za shule zinatosha kabisa, mradi soli haijalika ikawa laini kama kioo. Mtoto asiye na raba ni heri apande peku kuliko kwa viatu vya sherehe, lakini kagua njia kwanza, maana vipande vya chupa vipo. Hivyo vipande ndivyo kero kubwa ya mahali hapa. Wapo wanaokuja kunywa na kuacha chupa juu ya jiwe, upepo unaziangusha, na chenga zake huingia kwenye mashimo yanapokaa maji ya mvua, mahali penyewe ambapo watoto hupenda kuchezea. Fagia kwa macho kabla hujawaruhusu wakae.

Sasa ukingo. Mwamba wa aina hii umeviringana kama mgongo wa tembo. Kileleni ni karibu tambarare, hatua chache mbele unainama kidogo, mbele zaidi unainama sana, kisha hakuna kitu. Kwa kuwa mteremko huongezeka polepole, hakuna mstari unaomwambia mtoto “hapa ndipo mwisho”. Anaendelea kushuka akidhani bado yuko salama, na anapogundua kuwa soli zimeanza kuteleza, tayari yuko mahali ambapo kugeuka ni kugumu kuliko kusonga mbele. Usitegemee uzio. Dawa yake ni kuweka mpaka mwenyewe mara tu mnapofika: tandika kanga au weka begi mahali ambapo jiwe linaanza kuinama, na mwambie kila mtoto kwamba hapiti hapo bila kushikwa mkono. Mpaka unaoonekana hufanya kazi. Kupiga kelele “rudi!” kila dakika mbili hakufanyi kazi, baada ya robo saa hakuna anayesikia.

Watu wazima nao wana kosa lao, picha. Anayepiga hurudi nyuma kinyumenyume ili mji wote uingie kwenye simu. Kanuni ni rahisi: mpiga picha akae chini au apige akiwa amesimama palepale, wanaopigwa ndio wasogee. Upepo wa alasiri huwa mkali kuliko mtu anavyodhani akiwa chini, na kofia ikipeperuka iache iende. Mtoto aelezwe hilo kabla, kwa sababu silika ya kwanza ni kuifukuza.

Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi kuliko kupanda. Magoti yamechoka, mwanga umepungua, na watoto wameshazoea jiwe wanaanza kukimbia. Kwenye sehemu zenye mwinuko mdogo shuka ubavu ubavu, mguu mzima ukikanyaga jiwe, maana ukikanyaga kwa kisigino tu utateleza. Kwenye sehemu kali geukia jiwe ushuke kama unavyoshuka ngazi ya kuezekea. Kwa watoto, kukaa kitako na kusogea ni njia halali kabisa, suruali itapauka na hilo si tatizo. Jihadhari na changarawe: mwamba huu unabanduka maganda maganda kama kitunguu kwa sababu ya jua na baridi, na vijipande vilivyobanduka hulala juu ya jiwe kama gololi. Unaweza kusikia hata mlio wa uwazi ukikanyaga ganda lililoachana na jiwe la chini. Usirukeruke hapo.

Mvua ikinyesha, ziara imekwisha. Baka za kijivu na za rangi ya chungwa zilizogandamana na jiwe ni viumbe hai, zikiwa kavu hushika soli vizuri, zikilowa huwa kama sabuni. Baada ya manyunyu mepesi subiri jua lipige kwa saa moja hivi. Baada ya mvua kubwa, acha hadi kesho. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna pia suala la radi, na jiwe lililo wazi juu ya mji ni mahali pabaya pa kusimama. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, shukeni hapo hapo, na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake wala ndani ya nyufa za jiwe.

Saa nzuri ni ipi? Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 mchana jiwe linaunguza na kivuli ni kidogo mno kwa familia nzima. Jua la nyanda za juu hudanganya: hewa ni ya baridi, kwa hiyo mtu hajisikii kuungua, lakini jioni shingo ya mtoto ni nyekundu au inawasha. Fika chini ya jiwe saa 10 alasiri. Saa 10 na nusu mko juu, mnakaa saa moja na nusu, mnashuka. Mji uko upande wa magharibi na kusini, hivyo jua huzama nyuma ya mapaa ya mabati na minara, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwezi wa Mei na Juni jua hutua karibu na saa 12 na nusu, mwezi wa Februari husogea hadi baada kidogo ya saa 1. Likishatua, mwanga wa kuonea jiwe unabaki kama dakika ishirini, kisha giza. Wanaosubiri hadi jua lipotee kabisa hushuka kwa tochi ya simu, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika mtoto, na jiwe halina wa kulishika. Ukiwa na watoto, anza kushuka jua likiwa bado na upana wa vidole viwili juu ya upeo wa macho ukinyoosha mkono. Ni kama nusu saa. Machweo yenyewe mtayaona mkiwa chini, si haba.

Juni na Julai beba sweta kwa kila mtu, hata kama mchana kulikuwa na joto. Baridi ya Iringa huingia ghafla jua likishuka. Faida moja: jiwe huhifadhi joto la mchana, kwa hiyo ukikaa juu yake saa 12 jioni unahisi kama umekaa karibu na jiko lililozimwa muda si mrefu. Watoto hulala kifudifudi juu yake na kukataa kuondoka.

Asubuhi mapema nayo ina wapenzi wake, na kwa watoto wanaopenda wanyama ndiyo bora. Pimbi hutoka kwenye nyufa kuota jua. Kaeni kimya umbali wa hatua kumi na tano, msirushe kitu, nao watawatazama bila kukimbia. Mjusi kafiri naye yupo kila mahali, dume lenye rangi kali likipiga pushapu zake juu ya jiwe kutetea eneo. Tatizo la asubuhi ni uchache wa watu. Usiende peke yako, wala mama na watoto wawili peke yenu, na simu ziwe mfukoni zaidi ya mkononi. Jumamosi na Jumapili alasiri pana watu, na hapo ndipo familia iko salama zaidi. Siku za kazi nenda na kundi.

Kuhusu chakula, juu ya jiwe hakuna maji wala choo. Kila mtoto abebewe nusu lita ya maji kwa saa mbili, mtu mzima lita moja, na watoto wapelekwe chooni kabla ya kuanza safari. Chakula kinachofaa ni kile kisichomwagika: maandazi, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, na wakati wa msimu mafyulisi na maparachichi kutoka sokoni. Kisu cha parachichi abebe mtu mzima. Chipsi mayai kwenye mfuko wa nailoni zitafika zimekuwa uji. Na tafadhali, nyama choma ibaki nyumbani. Moto wa mkaa juu ya mwamba si uchafu tu. Sehemu iliyopashwa joto hutanuka kuliko iliyo chini yake, hupasuka na kurusha vigae vya moto, na alama nyeusi hubaki miaka. Moshi nao huwaamsha nyuki kama wamejenga kwenye ufa wa karibu. Mkiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu moja, hamieni upande mwingine bila kupunga mikono, na mtoto asichokoe ufa wowote kwa kijiti, maana nyoka nao hupenda kivuli hicho hicho.

Watoto watafanya nini huko juu kwa saa moja na nusu? Zaidi ya unavyodhani. Kwanza kuna jina. Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe liongealo, na hata asiyejua Kihehe ataitambua “longa” ndani yake. Inasimuliwa kuwa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alilitumia jiwe hili kutafakari na kupata habari za ujio wa Wajerumani. Simulizi ni simulizi, lakini ukishasimama juu na kuona unavyoona mbali, haihitaji kuelezwa sana. Mwambie mtoto akae kimya dakika mbili asikilize upepo ukipita kwenye nyufa, kisha aseme jiwe limesema nini. Baada ya hapo kuna mchezo wa kutafuta: shule yao, nyumba yao, uwanja wa Samora, bonde la Ruaha Mdogo, barabara inayoshuka Ipogolo. Historia yenyewe haina haja ya kuongezwa chumvi: Mkwawa alilishinda jeshi la Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo mwaka 1891, ngome yake ya Kalenga ikaanguka 1894, naye akafa 1898. Fuvu lake lilirudishwa 1954 na liko makumbusho ya Kalenga, kilomita chache kutoka mjini, safari ya siku nyingine.

Wenye kopo la rangi wanaoandika majina yao kwenye jiwe hatuna la kuwaambia hapa. Mzazi aeleze tu mapema kwamba chaki pia hairuhusiwi.

Je, kuna mbadala? Vilima vya Wilolesi vina mawe mazuri na mandhari karibu sawa, ila njia hazijulikani kwa mgeni na nyingi hupita karibu na nyumba za watu. Nenda na mwenyeji. Igeleke, nje kidogo ya Kihesa upande wa barabara ya Dodoma, ina michoro ya kale ya rangi nyekundu kwenye mwamba, ya wanyama na watu. Kupanda ni kufupi, na kwa mtoto wa darasa la nne au la tano ina cha kufikirisha kuliko Gangilonga. Wengine huimwagia maji michoro ili rangi ikolee kwenye picha. Maji huosha rangi hiyo kidogo kidogo na huacha chumvi juu yake, kwa hiyo anayefanya hivyo mbele yako mzuie kwa upole. Wasiguse pia, hata kwa kidole kisafi.

Isimila ndiyo inayolingana na Gangilonga kwa ubora, ila inahitaji gari au daladala ya barabara ya Mbeya, kama kilomita 20 kutoka mjini, kisha mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Hapa mpango ni kinyume: unashuka, hupandi. Mtoto anatembea ndani ya korongo kati ya nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na kabla ya hapo anaona kwenye makumbusho madogo mashoka ya mawe ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Eneo liligunduliwa mwaka 1951 na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, likachimbwa kitaalamu mwaka 1957 na 1958, na mojawapo ya mifupa iliyopatikana ni ya kiboko aliyetoweka ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Watoto hawasahau hilo. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitatu hadi mitano tunaipa nafasi ya kwanza mbele ya Gangilonga, kwa sababu haina ukingo wa kumtia mzazi roho juu. Kasoro zake ni joto, maana korongo halipitishi upepo mchana, na nguzo zenyewe ni laini. Zinavutia kupandwa na hazipaswi kupandwa, kila mguu hung'oa kipande. Nenda saa 3 asubuhi, hesabu saa moja ya kutembea. Mvua ikiwa imefunga upande wa juu, msishuke korongoni hata kama mlipo pana jua, maji hufika kabla ya mawingu. Na mchanga ukung'uteni kwenye viatu kabla ya kupanda gari la mtu.